Mpini wa pampu ya Broad Street: ulikomesha kipindupindu au haukukomesha?

Swali: Msomaji anayesomea afya ya mazingira Dodoma anauliza: "Tulifundishwa kwamba mwaka 1854 Dk. John Snow aling'oa mpini wa pampu London na kipindupindu kikaisha. Kwingine nimesoma kuwa hadithi hiyo imetiwa chumvi. Lipi la kweli? Kama kijidudu chenyewe hakikujulikana, alithibitishaje kwamba tatizo ni maji na si hewa chafu ya mitaa iliyosongamana? Na kile kipimo chake cha chumvi kwenye maji, kinafaa kutumika leo?"

Jibu: Mpini uling'olewa kweli, tarehe 8 Septemba 1854, ingawa Snow hakuung'oa kwa mkono wake. Jioni ya tarehe 7 alikwenda mbele ya kamati ya parokia ya St James, mtaa wa Soho, akawaeleza alichokiona, nao wakatoa amri. Kilichotiwa chumvi ni hiyo sehemu ya "kikaisha". Tazama hesabu aliyoiandika Snow mwenyewe ya watu walioanza kuugua kila siku na ambao mwishowe walikufa: Agosti 31 watu 56, Septemba 1 watu 143, Septemba 2 watu 116, halafu siku zilizofuata 54, 46, 36, 20, 28. Siku mpini unaondoka, 12. Mlipuko ulikuwa umeshateremka mlima kabla fundi hajafika na spana. Wakazi wengi walikuwa wamekimbia, na Snow alikiri hivyo waziwazi, akasema haiwezekani kujua kama kisima kilikuwa bado na sumu siku hiyo au kilikuwa kimeshajisafisha.

Hata hivyo usiutupe mpini huo upesi. Chanzo kilikuja kujulikana miezi kadhaa baadaye: nyumba namba 40 Broad Street, hatua chache kutoka kwenye pampu, kulikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitano, binti wa askari polisi. Alianza kuharisha Agosti 28 na akafa Septemba 2. Mama yake aliloweka nepi ndooni, na maji yale akayamwaga kwenye karo la choo lililokuwa mbele ya nyumba, usawa wa ghorofa ya chini ya ardhi. Sasa sikiliza tarehe: baba wa mtoto naye aliugua Septemba 8, siku ileile mpini ulipoondolewa, akafa Septemba 19. Maana yake ni kwamba karo lile lingeweza kupokea uchafu mpya wenye ugonjwa kwa siku 11 zaidi, na pampu ingekuwa inafanya kazi. Kwa hiyo mpini haukuuzima moto. Kuna uwezekano mkubwa kwamba uliuzuia usiwake mara ya pili.

Kuna jambo hapa ambalo mkaguzi yeyote wa visima anapaswa kulishika. Baada ya mlipuko, kisima kilifunguliwa na kuchunguliwa kwa ndani. Hawakuona tundu wala ufa, wakaridhika. Aprili 1855 ndipo mpimaji wa parokia alipochimba kutoka upande wa nyumba, na huko mambo yakawa mengine kabisa: matofali ya karo na ya mfereji wake yalikuwa yameoza kiasi cha kung'oka kwa mkono, na kutoka ukuta wa karo hadi ukuta wa kisima palikuwa na futi 2 na inchi 8 tu, yaani sentimita 81 hivi. Udongo wa katikati ulikuwa umelowa chapachapa. Maji taka hayakuhitaji tundu, yalikuwa yanachuja polepole kupita udongo na viungo vya matofali. Ukitafuta uvujaji, anzia upande uchafu unakotoka. Upande wa maji safi mara nyingi hauonyeshi kitu, na maji yenyewe yanaweza kuwa maangavu. Maji ya Broad Street yalisifiwa kwa ubaridi na ladha, na watu waliyapita mabomba ya karibu nao ili wakayachote.

Tukija kwenye ushahidi. Snow alikuwa na wazo lake tangu 1849, na hakuanzia kwenye ramani yake maarufu ya vifo vya Soho bali kwenye tumbo la mgonjwa. Alisema: kama ugonjwa ungeingia kwa pumzi, dalili za kwanza zingekuwa za mwili mzima, homa na kichwa. Kipindupindu kinaanzia tumboni, mgonjwa anaharisha maji kama ya mchele, na mengine yote, kulegea, macho kuzama, ngozi kubaki imefinyana ukiifinya, yanatokana na kupoteza maji. Basi kilichomdhuru kilimezwa. Tena aliona kwamba daktari anayeingia chumba cha mgonjwa na kutoka haugui, bali anayeugua ni yule anayefua mashuka, anayekula chumbani humo, anayekuja kuosha maiti kisha akakaa kula. Katika chumba kimoja chenye familia nzima, kisichokuwa na bomba, mikono ile ile inamfuta mgonjwa na kukata mkate. Hapo ndipo msongamano unapoingia. Watu kukaa wengi pamoja hakukizalishi kipindupindu, ila kunafupisha njia kutoka choo hadi mdomo.

Kwenye Broad Street alifanya kazi ya miguu. Alichukua orodha ya vifo kutoka ofisi ya usajili: vifo 83 vya siku tatu za mwisho za wiki iliyoishia Septemba 2. Karibu vyote vilitokea jirani na pampu ile. Ni 10 tu vilivyotokea kwenye nyumba zilizo karibu zaidi na pampu nyingine, akaenda kuuliza huko. Familia 5 zilisema hutuma watu Broad Street kwa kuwa wanayapenda maji yake. Wengine 3 walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu. Halafu akawatafuta waliopona wakati walipaswa kufa. Nyumba ya kazi ya maskini iliyokuwa Poland Street, imezungukwa na nyumba zenye misiba pande zote, ilikuwa na watu 535 na walikufa 5 tu: ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha bia cha Broad Street yenyewe, wafanyakazi zaidi ya 70, hakikupoteza hata mmoja: walipewa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake pia. Kiwanda cha fataki za bunduki, namba 37 Broad Street, kiliweka mapipa mawili ya maji ya pampu kwa ajili ya wafanyakazi wake wapatao 200. Walikufa 18.

Kisha kuna mjane wa Hampstead, kilomita kadhaa kutoka hapo, mahali pa miti na hewa safi. Aliwahi kuishi Broad Street na aliyapenda maji yale kiasi kwamba gari la mkokoteni lilimpelekea chupa kila siku. Aliyanywa Agosti 31, akafa Septemba 2. Mpwa wake aliyemtembelea alikunywa, akarudi kwake Islington, akafa. Hampstead na Islington mitaani kwao hapakuwa na kipindupindu wakati huo. Ukitaka mfano mmoja wa kumnyamazisha mtu anayesema "ni hewa", chukua huo.

Lakini kwa mizani ya kitaalamu, Broad Street peke yake haitoshi. Mpinzani angeweza kusema, na walisema, kwamba wanaoishi karibu na pampu wanavuta hewa moja pia. Kasisi msaidizi Henry Whitehead, aliyeanza kazi akiamini Snow amekosea, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa na nani hakunywa. Kati ya wakazi 137 wa Broad Street waliokunywa, 80 waliugua. Kati ya 297 ambao hawakunywa, waliugua 20. Huyo ndiye aliyeibua pia habari ya mtoto wa namba 40. Aliwajua watu wake, waliofiwa walimfungulia mlango, na alirudi nyumba nyingine mara nne au tano. Mtu wa takwimu asiyejulikana mtaani asingepata majibu hayo.

Ushahidi mkubwa uko ng'ambo ya pili ya mto Thames, kusini mwa London, na ajabu ni kwamba vitabu vya shule huupita haraka. Kampuni mbili za maji, Lambeth na Southwark and Vauxhall, zilikuwa zimeshindana kwa miaka kiasi kwamba mabomba yao yalipita mitaa ileile. Nyumba hii inapata ya Lambeth, jirani yake ya Southwark, tajiri kwa maskini, bila mpangilio. Wakati wa mlipuko wa 1849 zote mbili zilivuta maji sehemu chafu ya mto. Mwaka 1852 Lambeth ilihamisha mahali pake pa kuvutia maji hadi Thames Ditton, juu ya kizuizi cha Teddington ambako maji ya bahari yakijaa hayafiki. Southwark and Vauxhall ilibaki Battersea. Pale mto unajaa na kupwa, hivyo kinyesi cha jiji kinashuka na maji kupwa na kinarudi na maji kujaa, kinapita mbele ya bomba mara mbili mbili.

Kwa hiyo watu zaidi ya 300,000, bila wao kujua, waligawanywa mafungu mawili: hewa moja, mtaa mmoja, kipato kilekile, tofauti ni bomba. Snow alipogundua hilo alichukua anwani za waliokufa na kwenda mlango kwa mlango kuuliza: maji yenu ni ya kampuni gani? Hapo akakwama. Wapangaji hawakujua. Bili ilikwenda kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaishi kwingine.

Ndipo kikaja kipimo cha chumvi unachouliza. Ukitia nitrati ya fedha kwenye maji yenye chumvi, kloridi inashikana na fedha na kuunda mashapo meupe. Galoni moja ya maji ya Lambeth ilitoa greni 2.28 za kloridi ya fedha, sawa na greni 0.95 za chumvi. Ya Southwark and Vauxhall ilitoa greni 91, sawa na greni 37.9 za chumvi. Kwa vipimo vyetu ni kama miligramu 13 na nusu za chumvi kwa lita upande mmoja na 540 upande wa pili. Huhitaji mizani kuona tofauti hiyo: moja inafanya ukungu kidogo, nyingine inageuka kama maziwa papo hapo. Alichukua maji kidogo kwenye kichupa, akaandika anwani juu yake, akapima. Mwenye nyumba hana haja ya kukumbuka kitu.

Katika wiki nne za kwanza, vifo 334: 286 vilikuwa nyumba za Southwark and Vauxhall, 14 za Lambeth, 22 walikuwa watu waliochota moja kwa moja mtoni. Kwa wiki saba: Southwark and Vauxhall ilikuwa na nyumba 40,046 na vifo 1,263, yaani vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Lambeth ilikuwa na nyumba 26,107 na vifo 98, yaani 37.

Hapa kuna kasoro unayopaswa kuijua, maana mtahini makini atakuuliza. Snow alikuwa na idadi ya nyumba za kampuni kwa ujumla, hakuwa na idadi ya watu wanaohudumiwa na kila kampuni katika kila kata. Kasoro hiyo aliiziba mwaka 1856 John Simon, ofisa mkuu wa afya serikalini, ambaye wala hakuwa shabiki wa Snow. Alipata vifo kwa kila watu 10,000, tena kwa milipuko yote miwili. Mwaka 1848-49, zote zikiwa na maji machafu: Lambeth 125, Southwark and Vauxhall 118. Mwaka 1853-54, Lambeth ikiwa imehama: Lambeth 37, Southwark and Vauxhall 130. Kabla na baada, na kundi la kulinganishia limesimama palepale. Kwa maoni yangu jedwali hilo dogo lina nguvu kuliko ramani ya Soho, na ukilazimika kukumbuka takwimu moja ya somo zima, kumbuka hiyo.

Kwa nini basi wakubwa walishikilia harufu? Hawakuwa wajinga. William Farr, mtaalamu wa takwimu za vifo, alikuwa ameonyesha kwamba kadiri kata ilivyo juu kutoka usawa wa Thames ndivyo vifo vinavyopungua, na hesabu zake zilikaa sawasawa na nadharia ya mvuke mchafu unaolala mabondeni. Takwimu zilikuwa sahihi, tafsiri ndiyo iliyopotoka: mabondeni ndiko maji ya kunywa yalikovutwa mahali pachafu zaidi. Tena harufu na ugonjwa vilikaa nyumba moja kweli. Mtaa unaonuka ndio wenye karo lililofurika.

Imani hiyo ilikuwa na gharama. London ilikuwa na makaro yapatayo 200,000 chini na kando ya nyumba. Edwin Chadwick, mwanamageuzi wa usafi wa miji, na wenzake, kwa nia njema kabisa, waliamini kwamba ukiondoa uvundo majumbani umeondoa ugonjwa, wakahimiza vyoo viunganishwe na mifereji ya jiji na mifereji isukumwe kwa maji hadi Thames. Ni kutapisha vyoo kama kunakofanyika Dar es Salaam mvua zikinyesha, ila kwa amri ya serikali na kwa jiji zima. Nyumba zilipata nafuu ya pua, na mto ambao makampuni yalivuta maji ya kunywa ukawa choo. Mwaka 1849 London ilizika watu kama 14,000 kwa kipindupindu.

Kilichokikomesha kipindupindu London ni vitu viwili, na kimoja kilifanywa kwa sababu isiyo sahihi. Cha kwanza ni sheria ya maji ya 1852, iliyoyapa makampuni hadi Agosti 1855 kuacha kuvuta maji ya Thames chini ya Teddington, na ikaamuru pia maji yachujwe. Cha pili kilikuja na uvundo wa kiangazi cha 1858, mto ulipochemka kwa joto hadi mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa ya klorini. Wabunge walioburuza miguu kwa miaka wakapitisha sheria na fedha haraka. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga kilomita 132 za mifereji mikuu inayopita sambamba na mto na kuidaka ile ya zamani kabla haijafika mtoni, akitumia matofali kama milioni 318. Sehemu nyingine mteremko ulikuwa futi 2 tu kwa kila maili, sentimita 38 kwa kilomita. Mifereji mikuu kwa kawaida ilikuwa ya duara, ila matawi madogo yalifaa zaidi yakiwa na umbo la yai, ncha nyembamba chini, ili hata maji yakiwa machache yaende kwa kasi na taka zisitue. Mahali pa chini mno maji yaliinuliwa kwa mashine za mvuke. Uchafu ulitolewa mashariki ya jiji, ukahifadhiwa kwenye matangi na kuachiwa maji yanapoanza kupwa, ili yaubebe kuelekea baharini.

Mfumo ulifunguliwa rasmi 1865, lakini sehemu ya chini ya mashariki ilikuwa haijakamilika. Mwaka uliofuata kipindupindu kilirudi, na kikaua watu zaidi ya 5,500, wengi wao mashariki. Farr, ambaye sasa alikuwa amegeuka, hakuuliza tena juu ya mwinuko wa ardhi. Aliuliza ni kampuni gani. Ilikuwa East London Water Company. Mhandisi wake akaandika gazetini kwamba hakuna tone lisilochujwa lililotoka. Halafu wateja wawili wakakuta mikunga kwenye mabomba yao. Samaki mzima hapiti kwenye chujio la mchanga. Ilikuja kubainika kwamba maji kutoka mabwawa ya wazi ya Old Ford, kando ya mto Lea uliokuwa ukipokea kinyesi, yaliingizwa kwenye mtandao. Snow hakuiona siku hiyo, alikuwa amekufa 1858, na kijidudu chenyewe daktari Mjerumani Robert Koch alikitenga 1884.

Sasa kipimo cha chumvi. Kloridi inafaa hadi leo kama dalili ya kwanza, kwa sababu mkojo una chumvi nyingi na udongo hauizuii: bakteria wanaweza kuchujwa njiani, kloridi inapita. Kwako Dodoma kuna tahadhari moja, maji mengi ya ardhini huko yana chumvi ya asili, kwa hiyo namba moja peke yake haikwambii kitu. Linganisha kisima na visima vya jirani vya kina kilekile, au kisima hichohicho kabla na baada ya mvua. Kloridi ikipanda ghafla na nitrati, ambayo nayo hutokana na kinyesi, ikapanda pamoja nayo, shuku choo. Ukija Pwani, Dar, Mombasa au Unguja, bahari yenyewe inaingia visimani na kipimo kinakuwa karibu hakina maana. Snow naye alikuwa na bahari ndani ya namba yake, sehemu ya zile greni 37.9 ililetwa na maji kujaa. Hakudhurika kwa kuwa hakuwa anapima uchafu, alikuwa anatambua bomba ni la nani. Kwa usalama wa kunywa pima E. koli, bakteria wa kinyesi: katika mililita 100 isionekane hata moja. Na kisima kikikupa majibu safi huku choo kiko hatua tatu kutoka hapo, rudi ukapime baada ya mvua kubwa.